Gemu Nimeichora Mimi, Anayesifiwa ni Mume Wangu

Admin, nifiche vizuri, maana Waswahili wa huku Maryland tunajuana mpaka magari. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, Mtanzania, nimeolewa, bado hatujajaliwa mtoto. Tunaishi Gaithersburg. Mume wangu ndiye mwenye viza ya kazi. Mimi nimekuja kwa mgongo wake na viza yangu hainiruhusu kuajiriwa. Dar nilikuwa msanifu wa michoro kwenye duka la uchapishaji, mtu wa kelele na wateja. Huku nikawa mtu wa kuchungulia dirishani.

Ndipo nikaikuta gemu moja ya vita na ujenzi wa miji. Ni ya bure, inatengenezwa na watu wanaojitolea kutoka kila nchi, na yeyote anaruhusiwa kuingia akarekebisha. Looh, ilikuwa mbaya kwa sura! Kila skrini imechorwa na mtu wake. Huku vitufe vya duara, kule vya pembe. Nyekundu hapa maana yake shambulia, pale maana yake hifadhi. Mtu anataka kuhifadhi mchezo wake akalale, anajikuta ameanzisha vita na jirani. Nikasema hapa nimepata kazi.

Mume wangu akaogopa. "Je, uhamiaji wakisema hata kujitolea ni kazi? Tumia akaunti yangu." Nikatumia yake, yenye jina lake na picha yake, wala sikuona tatizo. Nikachora upya kila kitu, ikoni, herufi, rangi, mpaka ukifungua skrini yoyote unajua bado uko kwenye gemu ileile. Wenzangu wa kule wakafurahi sana, wananiita kwa jina la mume wangu, nami naitika.

Kumbe kazini kwake walikuwa wanapunguza watu. Akaomba kazi ya usanifu kwenye kampuni nyingine, akawaonyesha michoro yangu kama yake, wakamchukua na viza wakaihamisha. Mimi nimekuja kuambiwa ameshasaini! Nililia, akapiga magoti. "Ningefanyaje, mama? Tungerudi nyumbani na masanduku." Sasa jamani, mtu mwenyewe hajui hata rangi mbili zinazopatana. Ananipigia amejifungia kwenye choo cha ofisini, ananong'ona, "Hiki kitufe nikiweke wapi? Haraka, bosi ananisubiri." Jioni anarudi na kazi yote naifanya mimi, asubuhi anashika barabara ya 270 kwenda kusifiwa.

Juzi tulialikwa Woodbridge kwa Watanzania wenzetu. Kaka mmoja akaniuliza, "Na wewe shemeji, unajishughulisha na nini?" Kabla sijafungua mdomo mume wangu akajibu, "Huyu anapumzika tu." Wakacheka. Wallahi nilitamani kummwagia pilau la moto. Na mama yangu mzazi naye akanipigia, eti, "Mwanangu, acha uvivu, muombe mwenzio akufundishe na wewe hiyo kazi yake ya kuchora." Nikasema sawa mama.

Sasa viongozi wa gemu wameandika kwamba toleo jipya litakuwa na jina la msanifu kwenye skrini ya kwanza, wanauliza liandikwe vipi. Nikamwambia mume wangu safari hii naandika langu. Uso ukamkauka. "Kazini wakiona nafukuzwa, na viza zetu zote mbili zimekwisha. Ndicho unachotaka?" Sicho ninachotaka. Nampenda, na mdogo wangu anasomeshwa na mshahara huohuo. Lakini nimechoka kuwa kama sipo, yaani nimechoka.

Skrini hiyo naichora mimi mwenyewe, kwa herufi nilizozichagua mimi. Nimeandika jina lake, nikafuta. Nimeandika langu, nikafuta. Wanaitaka kesho. Ndugu zangu, mngekuwa ninyi, mngeandika la nani?