Kimya Kisichokuwa Idhini

Mwanaasha binti Dadi, fundi cherehani wa sokoni Mkuyuni, hasikii tangu utotoni, wala hasemi kwa mdomo. Husema kwa mikono. Mama yake, Bi Zuhura, humwelewa. Wateja wake nao humwelewa, kwani gauni lisilokaa vizuri hurudishwa kwa fundi, na ya Mwanaasha hayarudi. Wasiomwelewa walikuwa wale waliokwisha kuamua kwamba hana la kusema.

Baba yake alipofariki, uwalii wa kumwoza ulimwangukia baba mdogo, Kibwana. Hakuwa katili, aliamini tu kwamba kiziwi hachagui. Hafidhi, mkulima wa mpunga wa Dakawa, alipoleta posa, Kibwana alikubali siku ileile. Bi Zuhura alipopinga, aliambiwa ashukuru, kwani nani mwingine angemtaka binti yake.

Siku ya ndoa, pilau ikiwa tayari imeshaiva, sheikh aliyetoka mjini Morogoro alituma mashahidi wawili chumbani kuchukua idhini ya bibi harusi, kama ilivyo desturi. Walimkuta amefunikwa kanga mpaka usoni. Walijua fika kwamba hasikii. Hata hivyo walimwuliza kwa mdomo, wakarudia kwa sauti kubwa zaidi, kisha wakarudi barazani kutangaza kwamba amenyamaza, na kunyamaza kwa mwanamwali ndiko kuridhia kwake.

Huo haukuwa ujinga. Ilikuwa dhuluma iliyovalishwa kanzu. Hukumu ile iliwekwa kumsitiri binti mwenye haya, aliyesikia swali akaona soni kulijibu. Wao waliigeuza kamba ya kumfungia asiyelisikia.

Bi Zuhura akatokea mlangoni.

"Shikamoo, sheikh. Mwanangu hajanyamaza. Hajaulizwa."

"Shemeji, usituaibishe mbele ya wageni," Kibwana alisema.

Sheikh aliuliza maana ya maneno hayo, akaelezwa. Uso ukambadilika. Aliwaambia wote kwamba ishara inayoeleweka ya asiyeweza kusema ni kauli yake kamili katika sheria, na kwamba ami hana mamlaka ya kumlazimisha binti wa ndugu yake. Akaagiza kanga ifunuliwe, mama aulize kwa mikono, mashahidi watazame.

Mwanaasha aliitazama mikono ya mama yake, kisha akamtazama Kibwana. Alitikisa kichwa na kuusukuma mkono mbele, kama mtu anayefunga mlango.

Hafidhi, ambaye alikuwa ameambiwa kwamba binti ameridhia, ndiye aliyesema kwanza.

"Mke wa kuburutwa simtaki. Lakini pilau haina kosa, wazee."

Watu wakacheka, wakala. Kibwana naye alikula, ingawa kwa shida.

Mwaka jana posa nyingine ililetwa na Twalibu, muuza vitambaa aliyejifunza ishara kwa kubishana bei na Mwanaasha. Siku ya ndoa mashahidi walewale walitumwa chumbani, safari hii wakiongozwa na mama. Walikawia. Waliporudi walileta swali la bibi harusi: je, cherehani yake itakwenda naye, na kazi ataendelea nayo?

Kibwana ndiye aliyemgeukia bwana harusi.

"Mjibu. Si kwa mdomo. Nenda mlangoni akuone."

Twalibu akaenda, akajibu kwa mikono. Mwanaasha akaweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa, mashahidi wakashuhudia, na sheikh akaanza hotuba ya ndoa.