Mama Mkwe Wangu Juu ya Mzani

Aibu hii nimeibeba tangu enzi za Mwingereza, na waliokuwa wakiijua pamoja nami, mama mkwe wangu na shemeji yangu Mwajuma, wote wametangulia mbele ya haki, kwa hiyo leo nikiisimulia simfichui mtu ila mimi mwenyewe. Chekeni mkitaka. Mimi bado nikiikumbuka masikio yanapata moto.

Nilipomwoa Zena nilikuwa fundi cherehani hapa Bagamoyo, kijana wa Kikwere kutoka Kiwangwa, na mama yake, Bi Tatu, hakunitaka. Hakulisema, maana hakuwa mtu wa kusemasema, lakini nikimwamkia shikamoo mama, marahaba yake ilichelewa mpaka nikadhani hakunisikia. Basi siku moja, mbele ya ndugu, akasema angependa kuwaona watu wake waliotawanyika kabla nguvu hazijamwisha: kaka yake aliyekuwa Tabora, binti yake mkubwa aliyeolewa Moshi, na binti yake mwingine, Mwajuma, aliyekuwa Tanga. Wote wakaitikia inshallah. Mimi nikasema nitampeleka.

Ndipo nikaanza kupanga. Nikaazima ramani kwa mwalimu wa skuli, nikawa kila nikimaliza kushona naitandika juu ya meza ya cherehani na kuifuata kwa kidole, na watu wakawa wanakuja kutazama. Tatizo ni kwamba siku zile reli ya Dar es Salaam na reli ya Tanga hazikuunganika, moja ilikwenda zake Tabora na nyingine ilikwenda zake Moshi, kwa hiyo nikapanga hivi: lori hadi Dar es Salaam, treni hadi Tabora, turudi kwa treni mpaka Dodoma, tushike basi la Kondoa hadi Arusha na Moshi, kisha treni ya kushuka Tanga. Na kutoka Tanga? Masika yangekuwa yamekwisha kuanza, mto Wami umefurika, njia ya pwani haipitiki. Nikasema, tutapanda ndege. Ndege ya Tanga, ipitie Unguja, itue Dar es Salaam. Mtaani kwetu hakuna aliyekuwa amepanda ndege, na nilipolitamka neno lile nilijiona nimerefuka.

Bi Tatu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hiyo ndege ina choo?"

"Inacho, mama," nikajibu (sikujua).

Safari ikawa nzuri kuliko nilivyotarajia. Treni hazikutuacha, basi la Kondoa lilikwama mara moja tu likasukumwa, na Bi Tatu akaanza kulegea kidogo kidogo. Tulipokuwa tunashuka kutoka Moshi alimenya chungwa, akakata nusu, akaninyooshea bila kunitazama. Nililila taratibu sana. Nilijiambia, sasa nimekubaliwa, kilichobaki ni kumfikisha nyumbani.

Lakini nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa kwamba watu wakikupenda wanakufungashia. Tabora kaka yake alimpa chupa kubwa ya asali. Moshi tukapewa kahawa, maharage na magauni mawili. Tanga Mwajuma akaongeza kanga na samaki wakavu. Na jioni moja mume wa Mwajuma akarudi kazini akatuambia ameulizia, ile ndege ni ndogo na mizigo inapimwa, ukizidisha unaiacha.

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningeweza kusema vitu vibaki, vitafuata kwa lori mvua zikipungua. Lakini ningekuwa nimekiri kwamba mpango wangu una tundu, tena mbele ya Bi Tatu, baada ya lile chungwa. Nikamwambia Mwajuma aniazimie cherehani, nikashona gauni la ndani pana lenye mifuko mikubwa pande zote, ili mama avae mizigo badala ya kuibeba, na buibui lifunike juu. Kazi safi, hata leo naisifu. Chupa ya asali niliiziba kwa gunzi la muhindi nikalifunga na kitambaa.

Bi Tatu alilitazama lile gauni. "Na mtu hapimwi?"

"Mtu si gunia, mama. Inapimwa mizigo."

Akalivaa.

Kiwanjani Mwajuma alitusindikiza. Walikuwapo Mzungu na mkewe, mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, na mzee wa Kiarabu na wajukuu zake. Karani akapima vikapu vyetu, vyepesi kabisa, nikatabasamu. Kisha, kwa adabu tu, akasema, "Sasa mama, panda wewe. Ndege ndogo, tunapima na abiria."

Bi Tatu alinitazama mara moja, akapanda. Mimi nikageuka ukutani, maana mkwe hasimami kutazama mama mkwe wake akipimwa, lakini nilisikia karani akisogeza lile jiwe la mzani, akalisogeza tena. Halafu nikasikia mtoto akimwuliza babu yake kwa sauti, "Bibi yule anafanya nini?"

Nikageuka. Kwenye bamba la mzani, chini ya buibui, kitu cha majimaji kilikuwa kinatambaa kando ya kiatu chake, polepole, kiking'aa. Mke wa Mzungu aliangalia pembeni. Mhindi akawa anasoma dari. Wote walidhani jambo moja, na mimi peke yangu nilijua kwamba ni lile gunzi limeachia, na neno moja tu lilihitajika, nami sikulisema. Nilisimama pale nimeshika kofia yangu.

Alilisema yeye. "Ni asali, baba," akamwambia karani. "Nimepewa na kaka yangu Tabora. Naomba mahali pa kujisitiri."

Wakampa chumba, akaingia na Mwajuma. Alipotoka alikuwa nusu ya alivyoingia, na Mwajuma nyuma yake kabeba vitu vyote, akavipanga mezani kimoja kimoja: kahawa, maharage, samaki, chupa. Karani akasema mama anaweza kwenda, vitu haviwezi.

"Basi mwanangu atabaki navyo," akasema Bi Tatu akiniashiria mimi, akaelekea kwenye ndege peke yake, mwanamke ambaye hakuwahi kutoka kwake bila mtu wa kumsindikiza.

Mimi nikarudi kwa malori, Korogwe, Handeni, Morogoro, Ubena, matope kila mahali, na njia nzima nilikuwa najaribu maneno ya kuomba radhi, na naiona Bagamoyo nzima ikinisubiri kucheka. Nikafika. Watu wakanipokea vizuri mno. Jirani mmoja akanishika mkono akasema, "Mama mkwe wako ametueleza. Nafasi ikawa haba, ukampisha apande yeye, ukakataa kutupa vya watu. Kijana una imani."

Nikaenda moja kwa moja kwa Bi Tatu, nikamkuta anachagua mchele. Nikachutama mbali kidogo.

"Shikamoo, mama. Ile siku ya mzani..."

"Marahaba," akasema papo hapo. "Mzani gani? Kunywa maji kwanza, umechoka."

Hatukuitaja tena mpaka alipofariki. Nimelifikiri sana jambo lile, zaidi kadiri ninavyozeeka. Siku ile neno langu moja lingemwondolea fedheha, nikalimeza kwa kuogopa kuonekana mjinga, na yeye, mimi nikiwa sipo, alitafuta maneno ya kunisitiri akayapata. Tangu hapo safari ya mtu mwingine siipangi tena, na nikiulizwa nisilolijua nasema sijui, hata dukani, hata mbele ya mteja. Wengine huondoka wakinung'unika, fundi gani huyu asiyejua. Nawaacha waende.