Ketsia Alinyamaza Mara Tatu

Ungemuuliza Ketsia ni siku gani alianza kumpenda Félicien, asingekumbuka. Lakini siku aliyomkinai aliikumbuka vizuri sana. Ilikuwa Jumapili baada ya kwaya, wameketi kwenye viti vya plastiki mbele ya duka la vinywaji karibu na soko kuu la Bunia, kila mmoja na sucré yake, soda ya chupa. Félicien akamaliza ya kwake. Akaweka mdomo juu ya chupa tupu, akapuliza. Puuu! Akapuliza tena, akamgeukia mchumba wake huku anatabasamu, akingoja acheke.

Ni hayo tu. Hakumpiga, hakumtukana, hakufumaniwa na mwanamke mwingine. Alipuliza chupa. Na Ketsia, ambaye kwa miaka minne alikuwa akiitambua pikipiki ya huyu mwanaume tangu kwenye kona na moyo ukamruka, alijiona kama mtu aliyeshiba akaletewa sahani ya pili. Akamtazama vizuri. Akaona masikio yake. Miaka minne hakuwahi kuyaona masikio ya Félicien, na sasa hakuona kitu kingine.

Najua watu wa Bunia watakavyosema. Watasema amerogwa, au ana mwingine, pengine bwana mmoja wa yale magari meupe ya mashirika. Waseme. Hakuwa na mwingine. Alikuwa na mashine yake ya kushona ya kukanyaga kwa mguu, kibanda cha mbao pale Nyakasanza, miaka ishirini na sita, na mama.

Mama Bernadette ndiye mzigo wa habari hii. Walikimbia pamoja kutoka vilima vya upande wa Bule, usiku ule nyumba zilipowashwa moto. Baba alibaki huko, na kaburi lake hawajaliona mpaka leo. Huu mwaka wa sita mama anaishi kwenye kambi ya wakimbizi pembeni mwa mji, chini ya bâche, turubai la msaada ambalo jua limelichoma mpaka likawa na nyufa. Mvua ikinyesha anakaa wima hadi asubuhi, amejifunika kitambaa cha kikwembe kichwani, akishikilia nguzo isianguke. Ketsia alikodi chumba kimoja pamoja na washonaji wenzake wawili; hapakuwa na nafasi ya mkeka wa nne.

Félicien yeye aliuza vipuri vya pikipiki, na tuseme ukweli, alikuwa mtu mwema. Mama Bernadette aliposhikwa na malaria kali, ni yeye aliyembeba kwa pikipiki mpaka hospitali, akakaa naye mchana kutwa akimpepea kwa kipande cha katoni. Na nyuma ya nyumba yake alikuwa amejenga chumba cha mbao, kidogo, kimeezekwa mabati mapya, kwa ajili ya huyo huyo mama. Kilikuwa tayari. Kilingoja ndoa tu, maana mama mkwe hawezi kuhamia kwa mtu ambaye bado hajawa mkwe.

Basi hapo ndipo Ketsia alipokwama, na hapo ndipo masikitiko yalipoanza.

Baada ya chupa, mengine yalikuja kwa fujo. Félicien alimaliza kila sentensi kwa "voilà", hata akisema mvua inanyesha. Alichokonoa sikio kwa ufunguo wa pikipiki, kisha akauchomeka ufunguo ule ule mahali pake na kuwasha. Alilamba kidole kabla ya kusukuma picha kwenye simu, kana kwamba anafungua kurasa za Biblia. Na alijitaja kwa jina. "Félicien hapendi pondu bila samaki," alisema mbele ya sahani ya kisamvu, kama vile Félicien ni jirani asiyekuwepo. Mambo haya yote alikuwa akiyafanya tangu zamani. Ketsia ndiye aliyekuwa hayaoni. Sasa akisikia pikipiki kwenye kona, aliinamisha kichwa juu ya mashine na kukanyaga kwa kasi ili asisikie.

Alipambana, msimlaumu. Alifunga na kusali siku tatu. Alitazama picha zao za zamani kwenye simu. Alijitukana mwenyewe: mjinga weye, wenzako wanapigwa, weye unalia juu ya chupa. Haikusaidia. Mapenzi si moto wa makaa kwamba utaupepea tu ukubali.

Mwishowe akaenda kwa Mama Jeannine, marraine waliyepewa na kanisa awafundishe mambo ya ndoa. Mama Jeannine alikuwa mama mnene mwenye huruma nyingi na siri chache. Alisikiliza yote, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Juu ya chupa? Mutoto wangu, miye bwana yangu anakoroma miaka makumi tatu, na tuko!"

"Mama, haiko chupa. Ni kama iko mutu mwingine. Nikimuona, mwili inakataa."

"Itapita. Ni woga ya bibi-arusi."

"Lakini usimuambie, Mama. Nakuomba."

"Miye? Hata!"

Alimwambia Félicien siku ile ile, kabla ya jua kuzama.

Ketsia alijua alipomwona Félicien safari iliyofuata. Alikuja amekaa wima kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Sucré aliinywa kwa mrija, akaiweka chupa mbali chini ya kiti. Alipotaka kusema "voilà", alisema "vo", akafunga mdomo, akameza. Ufunguo ulikaa mfukoni. Simu aliisukuma kwa kidole kikavu, ikagoma, akasukuma tena. Na kila baada ya jambo alimtazama Ketsia usoni kidogo, kwa kuiba, aone kama amefaulu.

Amefaulu nini? Kasoro zote ziliondoka, na mapenzi hayakurudi. Hilo ndilo lililomtisha Ketsia kuliko lolote. Alikuwa akijidanganya kwamba tatizo ni chupa, ni ufunguo, ni kidole. Sasa mbele yake aliketi mwanaume asiye na kosa hata moja, anayemwogopa, na yeye hakuhisi kitu ila huruma. Aliporudi chumbani alilia sana, kwa sababu angalau kosa lina dawa.

Akaamua kumwambia mama. Alikwenda kambini na samaki wa Kasenyi waliokaushwa, akaketi kwenye kidumu, akavuta pumzi. Mama Bernadette hakumpa nafasi. Alikuwa ameshakwenda kukiona kile chumba mara mbili, kwa mguu, jua kali, na alikuwa na mipango.

"Kitanda nitaweka ukutani upande ule. Jiko nje, moshi isiingie. Mvua ikinyesha, Ketsia, nitaisikia tu huko juu ya mabati. Haitanipata." Akacheka peke yake. "Miaka sita, mutoto! Nimesahau kulala."

Ketsia akaacha alilokuja nalo, akafungua kifurushi cha samaki. Mama, akiwa na furaha namna hiyo, akaendelea kuzungumza juu ya siku ya mahari, namna walivyofanya kwao zamani, si hizi fujo za mjini zenye maikrofoni. Hapo ndipo alipomhadithia habari za dada yake mkubwa, Véronique.

"Kwetu wazee walimuuliza binti mara tatu: hii vitu tukule, ao tusikule? Mara ya kwanza binti ananyamaza, ni haya. Ukijibu mbio watasema una njaa ya bwana. Mara ya pili ananyamaza tena. Mara ya tatu ndipo anasema. Sasa Véronique, mara ya tatu, akanyamaza. Kimya! Muzee akasimama, akasema, 'Mutoto amejibu.' Mbuzi zikarudi na wenyewe. Hakuna mutu alitukanwa, hakuna mutu aliuliza sababu."

"Hawakumuuliza sababu?"

"Hata moja. Kunyamaza ilitosha."

Ketsia alitembea kurudi mjini akiwa mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Hilo neno "hapana" alikuwa hawezi kulitamka. Akilisema mbele ya watu ataitukana familia ya Félicien, kisha ataulizwa kwa nini, naye atajibu nini? Kwamba bwana alipuliza chupa? Lakini kunyamaza aliweza. Kunyamaza hakuhitaji sababu. Na mama, aliyejua maana yake, angeelewa bila yeye kumvunja moyo kwa mdomo wake mwenyewe.

Wiki zile alishona sare za shangazi zake kwa siku ya mahari yake, magauni kumi na manne ya kikwembe kimoja, ya kijani na njano. Alishona vizuri, mishono imenyooka, akijua fika kwamba yatavaliwa kwenye sherehe itakayovunjika. Wenzake walidhani amechangamka kwa ajili ya harusi.

Siku ikafika, Jumamosi saa nane mchana, kwenye uwanja wa Baba Mdogo Hubert. Huyu Hubert ndiye aliyesimama mahali pa marehemu baba. Alizaliwa kule vilimani lakini aliletwa Bunia angali mtoto anayetambaa, akasoma hapa, akafanya kazi za ofisi hapa. Ya kwao aliyajua kwa kusikia. Wazee waliokuwa wakiyajua, wengine wamekufa, wengine wametawanyika mpaka Mahagi na ng'ambo ya ziwa. Hubert alikuwa amekodi maikrofoni.

Mbuzi walifungwa kwenye mti wa parachichi. Vikwembe, sabuni, chumvi, sufuria, vyote vilipangwa kwenye mkeka. Félicien aliketi na upande wake, suti ya bluu, mikono juu ya magoti. Ketsia akaletwa amefunikwa uso, akafunuliwa, akasimama katikati. Mama Bernadette alikuwa mstari wa mbele, ndani ya gauni aliloshonewa na binti yake.

"Binti yetu," Hubert alinguruma ndani ya maikrofoni, "hii vitu unaona, tukule ao tusikule?"

Ketsia akanyamaza. Watu wakacheka kwa kupendezwa. Shangazi mmoja akasema, "Amelelewa muzuri!"

"Mara ya pili! Tukule ao tusikule?"

Akanyamaza. Makofi. Mtu akapiga picha.

"Mara ya tatu na ya mwisho! Mutoto wangu, tukule?"

Ketsia aliinua macho akamtazama mama yake. Alinyamaza kwa nguvu zake zote. Kimya kikarefuka. Makofi yakakoma, pikipiki zilisikika zikipita barabarani, mbuzi mmoja akalia. Hubert akakohoa kwenye maikrofoni, akageuka huku na huku. Félicien alikuwa akitokwa na jasho kwenye paji la uso. Machozi yakaanza kumshuka Ketsia, naye hakuyafuta, aliendelea kumtazama mama.

Na mama alielewa. Msiniambie hakuelewa. Mkono wake ukapanda ukaziba mdomo. Katika uwanja ule wote uliojaa watu, ni yeye peke yake aliyejua kwamba mtoto amejibu. Alimtazama binti yake kwa muda ambao Ketsia hatausahau, muda wa kutosha kabisa kwa mtu kusimama na kusema neno.

Kisha Mama Bernadette akasimama. Akaondoa mkono mdomoni, akapiga kigelegele.

Kilikuwa kirefu, chembamba, na kilitetemeka mwishoni. Shangazi kumi na wanne wakakidaka. "Analia juu ya furaha!" mmoja alipaza sauti. "Amekubali!" akadakia mwingine. Hubert akashukuru Mungu kwenye maikrofoni, muziki ukafunguliwa, upande wa Félicien wakaruka juu kwa kucheza. Mama aliketi tena, akainama, akaanza kunyoosha nguo yake magotini, akainyoosha na kuinyoosha, na hakuinua kichwa.

Wakaketishwa kwenye meza moja, mchumba na mchumba, sahani moja ya nyama na wali katikati yao. Félicien alikuwa bado hajakausha jasho. Alingoja watu waache kidogo kuwatazama, akamwegemea.

"Ulinyamaza mingi, Ketsia. Niliogopa." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ile machozi, ni ya furaha?"

Aliuliza kweli. Hakuuliza kwa maikrofoni wala mbele ya wazee, na wala hakukuwa na sheria ya mara tatu. Lilikuwa swali la mtu mmoja kwa mwingine, na Ketsia angalilijibu vingine, nadhani Félicien angalisimama na kuwafungua wale mbuzi kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Juu yao wingu lilikuwa limeanza kukusanyika upande wa ziwa, na watoto walikuwa wakitumwa kuingiza viti ndani.

Ketsia alitazama wingu. Akamtazama mama aliyeinama.

"Ndiyo," alisema.