Nililisingizia Vumbi

Mchimbaji mmoja wa Lusangi, niliyezoea kununua dhahabu yake, alikutwa na kifua kikuu. Kwa kuwa tulikuwa tukikaa meza moja, muuguzi wa kituo cha afya hapa Kasongo aliniita nami nipimwe. Alinidunga sindano ndogo kwenye ngozi ya mkono, akanisihi nirudi baada ya siku mbili atazame uvimbe.

Sikurudi. Nilipanda pikipiki kwenda Kabambare, nikashusha mkono wa shati, na mke wangu nikamwambia nimeumwa na mdudu. Mfanyabiashara mwenye habari za kifua, nani atakunywa chai kwake?

Uvimbe ukazidi. Kisha jicho la kushoto likawa jekundu, likitokwa na machozi, mwanga ukiliwasha kama pilipili. Nikasema ni vumbi la njia.

Kazi yangu ni macho. Dhahabu kidogo tunaipima kwenye mizani kwa njiti za kiberiti badala ya mawe, nami hupima mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya muuzaji, ya pili kwa ajili yangu. Siku moja, dukani kwangu sokoni, chozi lilidondoka kwenye sahani ya mizani. Muuzaji akalitazama.

"Patron, leo apime mutu iko na macho."

Soko likacheka. Nami nikacheka, kununa hakuleti mteja.

Mke wangu hakucheka. "Mu mukono mududu, mu jicho vumbi. Kesho utaniambia nini, baba watoto?"

Akanipeleka kituoni mwenyewe. Kwenye benchi alikuwepo yule mchimbaji, amefuata dawa zake. Tangu aanze kukohoa nilikuwa nikimpimia dirishani, nisimkaribishe mezani tena. Alisogea, akanipa nafasi.

Muuguzi alinimulika jicho, akaniuliza limeanzaje. Nikarudia vumbi.

"Pandisha mukono ya shati."

Nikapandisha, benchi zima likaona. Alieleza kwamba ni mara chache sana, lakini mwili uliokwisha kukutana na ugonjwa ule unaweza kuichukia sindano hadi jicho likavimba. Jicho lina dawa ya matone. Kifua nacho lazima kipimwe. Nikajaribu kupatana naye: anipe matone leo, ya kifua tutaongea siku nyingine.

Aliyenijibu ni mke wangu. "Na watoto tunalala nao chumba kimoja, tutawaongelea siku gani?"

Nikainamisha uso mbele yake na mbele ya yule mchimbaji. Muuguzi akafungua kichupa, akaniambia niinue uso adondoshe dawa. Kuuinua ndiyo ilikuwa kazi.