Nchi Nzima kwa Maji Mafu

Watu wakiniuliza namna ya kuizunguka nchi yao kwa mpango wao wenyewe, bila kampuni ya watalii wala kiongozi, huwaambia wasiogope. Chukua ramani, chagua vitu unavyotamani kuviona kwa macho yako, kisha tafuta barabara zinazoviunganisha. Usijaze kila siku. Acha siku tupu hapa na pale kwa ajili ya pancha, mvua na uvivu wako mwenyewe. Halafu kuna jambo moja la kufanya kabla hujagawa viti vya gari. Hilo mimi nililisahau, na ndilo lililonikalisha leo niandike.

Ufundi huu sikuupata chuoni. Niliupata uani kwa bibi yangu, Ufukoni, Mtwara, nilipokuwa shule ya msingi, na ramani yetu ilikuwa ya mchanga.

Ua ule bado nausikia. Asubuhi ulifagiliwa kwa ufagio wa chelewa mpaka mchanga ukabaki na mistari kama nywele zilizochanwa. Jikoni kulinukia nazi na kome. Kwenye jiwe la pembeni bibi alikuwa akimpiga pweza ili alainike, pu, pu, pu, na mimi kazi yangu ilikuwa kumwagia maji na kufukuza paka. Tukimaliza tulikula ugali wa muhogo kwa mchuzi wa kome, tukayatupa makombe yake, yale magamba matupu, kwenye pipa bovu. Makombe hayo ndiyo yaliyokuja kuwa miji yetu.

Siku hiyo mwalimu wa jiografia alikuwa ametupa kazi ya kuchora ramani ya Tanzania. Niliichora kwanza mchangani, kwa kile chuma chembamba bibi alichotumia kuchokolea pweza mashimoni. Bibi akaja, akasimama juu yake mikono kiunoni.

"Haya, mke mwenzangu, sisi tuko wapi?"

Aliniita hivyo siku zote, kwa utani wa bibi na mjukuu, kana kwamba tumeolewa wote na babu. Nikamwonyesha kule chini kabisa, kulia, pale Ruvuma inapoingia baharini. Yeye mwenyewe alizaliwa huko, kwenye mikoko ya mdomo wa mto, akaletwa Ufukoni na ndoa.

"Mbona wametusimamisha kwenye kona kama ufagio?" akasema. "Na huku kote kuna nani?"

Basi nikaweka kombe la Dar es Salaam, la Dodoma, la Mwanza, la Kigoma. Bibi akachukua kombe dogo la chaza, akaliweka Mtwara. "Hili ni gari letu. Twende."

Tuliicheza safari ile miaka mingi. Lakini ilikuwa na sharti, na kama umekulia bara ngoja nikueleze polepole, maana bila hilo hutamwelewa bibi. Bahari yetu haiendi mwendo mmoja. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, mwamba na tope vikabaki wazi mpaka mbali. Hilo ndilo bamvua. Wanawake hushuka na vikapu kuokota kome na chaza na kuchokoa pweza, na chakula cha nyumba nyingi hutoka hapo. Mwezi ukiwa nusu, maji hayaendi mbali, hakuna cha kuokota. Hayo ni maji mafu. Katikati ya bamvua moja na jingine mtu ana kiasi cha wiki. Harusi ya ukoo, kwenda kumuuguza ndugu, kuezeka paa, bibi alivipanga vyote ndani ya wiki hiyo.

Kwa hiyo na nchi nzima ilibidi izungukwe kwa maji mafu. Kombe letu likifika Singida, bibi alitazama juu. "Bamvua linakuja. Geuza." Nikilia kwamba Kigoma bado, alinijibu, "Kigoma watatusamehe, mwamba hausamehe." Tukawa tunarudi mbio, miji tunaipita bila kusimama, kombe likirusha mchanga.

Nilipomweleza mwalimu mpango wetu alicheka hadi akakaa. Miaka ile barabara ya Dar es Salaam ilikuwa na vipande vya tope, na mvua ikinyesha basi liliweza kulala porini. "Mwambie bibi," akasema, "kwa wiki moja atafika Kibiti akiwa na bahati."

Mahali pamoja bibi hakukubali papunguzwe, nako ni ziwani. Chanzo chake alikuwa jirani yetu, mtu wa Mwanza aliyekuja kufanya kazi bandarini na kupanga nyumba ya pili. Jioni moja alisimama kwenye ua akamwona bibi anaosha chaza, akasema kwao maji hayapwi.

"Hayapwi yanakwenda wapi?" bibi akauliza.

"Hayaendi popote, mama. Yapo tu."

"Maji yaliyokaa mahali pamoja yananuka, jirani."

"Hayanuki. Tunayanywa."

"Mnakunywa bahari!" Bibi akanigeukia. "Umesikia? Ndiyo maana Wasukuma wana nguvu." Jirani akacheka, lakini bibi hakuwa akitania tu. Aliigeuza chaza mkononi, kisha akauliza, kwa sauti nyingine, "Na wanawake wa huko, nani anawaambia leo ni siku ya kushuka?"

Tangu hapo ziwa lilikuwa mwisho wa safari yetu. Tulichagua Nyasa kwa sababu kwenye mchanga ndilo lililokuwa karibu: Masasi, Tunduru, Songea, kisha maji yasiyopwa. Bibi alisema atakaa ukingoni kutwa nzima kumnasa jirani na uongo wake. Sikumbuki kama nilimwahidi kumpeleka. Hatukuwa na haja ya ahadi. Tulisema "tutakapokwenda", na watu wanaosema hivyo miaka mingi wameshaahidiana.

Nikakua, nikasoma, nikawa mwalimu huko Morogoro. Barabara zikawa lami. Nikaenda Arusha kwa semina, Mbeya kusahihisha mitihani, Mwanza kwenye harusi ya rafiki, na huko nilinawa uso ziwani nikamkumbuka bibi, nikamnunulia kanga. Kila likizo niliyorudi Mtwara wazo la kumchukua lilinijia, na kila mara nilimjibia mwenyewe bila kumuuliza: bibi haachi bamvua. Lilikuwa jibu zuri. Lilinifanya nionekane hata kwangu kama mjukuu anayemheshimu.

Mwaka huu walimu wenzangu wawili nami tukaamua kutumia likizo ya Juni kuizunguka nchi kwa gari la mmoja wao. Mimi nikapewa kazi ya kupanga, na niliipenda kama mtoto. Tungeanzia Mtwara, kwetu, tupande pwani hadi Tanga, Kilimanjaro, ziwa Viktoria, Kigoma, tushuke Mbeya, Songea, turudi. Viti vitatu vya watu, cha nne cha mizigo. Nikampigia bibi simu: "Bibi, nakuja. Safari ya kuizunguka nchi inaanzia hapo hapo Ufukoni." Akacheka sana, akakata simu kabla sijamaliza.

Wenzangu niliwaacha Mikindani wakitembea kati ya nyumba za mawe, nikaenda Ufukoni peke yangu. Jirani wa bandarini, ambaye amestaafu na hakurudi kwao tena, alikuwa kibarazani.

"Afadhali umefika," akasema. "Mama ameaga mtaa mzima. Msikitini ameaga, sokoni ameaga. Mimi ameniaga mara mbili, anasema anakwenda kunihakiki."

Nilimkuta bibi amekaa kitandani, miguu imenyooshwa, na pembeni yake begi la zipu limejaa. Juu yake kulikuwa na korosho za kuchoma zilizofungwa kwenye kitambaa, walizomletea majirani azipeleke ziwani. Alikuwa amevaa ile kanga ya Mwanza.

"Mke mwenzangu, tunaondoka lini?"

Ningeweza kusema chochote. Nilichosema, na mpaka sasa masikio yananiwaka, ni hiki: "Kesho kutwa, bibi. Lakini si unajua ni bamvua?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyekosea hesabu rahisi.

"Bamvua la nani? Magoti haya yashuke mwambani? Toka mwaka babu yako alipozikwa sijashuka. Hujakiona chuma changu?"

Akanyoosha kidole mlangoni. Kile chuma cha pweza, kalamu ya ramani yetu, kilikuwa kimechomekwa kwenye mlango wa uani kama komeo. Nilikuwa nimekichomoa na kukirudisha kila likizo, miaka na miaka, kila nilipotoka kwenda kuoga. Mkono wangu ulikijua. Sikuwahi kujiuliza kwa nini hakiko kazini.

Nikasema nakwenda kununua maji ya kunywa, nikasimama nyuma ya ukuta wa jirani mpaka nilipoweza kupiga simu. Niliwaeleza wenzangu habari ya bibi na begi lake, na nusu yangu ilitumaini watakataa ili lawama iwe yao. Mwenye gari akauliza swali moja tu: "Bibi anapenda kukaa mbele au nyuma?"

Hivyo tukaugeuza mpango. Mizigo ikafungwa juu ya gari, na badala ya kupanda pwani tukaanza na magharibi. Bibi alikaa mbele. Masasi alipoona ile milima ya mawe aliinamisha kichwa dirishani. "Hapa tulikuwa tunapita bila kusimama," akamwambia mwenye gari, aliyekuwa akiendesha. "Simama." Dereva, ambaye hakujua habari ya makombe, alisimama. Lakini bibi kushuka alishindwa. Aliyatazama mawe akiwa amekaa, mlango umefunguliwa, akala korosho mbili na kusema inatosha.

Tunduru miguu ilikuwa imevimba. Songea hakuweza kuvaa viatu. Usinifikirie vibaya, tulimpeleka kwa daktari, akatuambia mwendo mfupi anauweza, mrefu hapana. Nilipokuwa namkanda miguu kwa maji ya uvuguvugu nilikuwa nahesabu kichwani likizo nilizokuja Mtwara kulala na kula pweza, huku miguu hii ikiwa bado mizima.

Barabara inayoshuka kutoka Mbinga ni ya kona nyingi, na kwenye kona mojawapo ziwa lilijitokeza ghafla. Mbamba Bay tulimshusha kwa kumbeba, mimi na mwenye gari, tukamweka kwenye kiti cha plastiki tulichoazima kwenye duka la chai. Akaomba fimbo yake ichomekwe pale hasa maji yanapoishia. Kisha akasema, "Niacheni nimhakiki jirani yangu."

Alikaa tangu asubuhi. Upepo ulikuwepo na mawimbi yalikuwepo, yakaigusa fimbo na kurudi. Wanawake walikuja kuosha vyombo na kutandaza dagaa, wakamwamkia, akawagawia korosho. Aliwauliza wanashuka siku gani. Mmoja akamjibu kwa upole kwamba wao huja tu, bibi, wakitaka. Mchana nikamletea wali na samaki. Akala bila kuiondolea macho fimbo. Jua lilipoanza kulegea, fimbo ilikuwa bado imesimama mguu mmoja majini.

"Hayapwi," akasema. "Jirani alisema kweli."

"Alisema kweli, bibi."

"Mke mwenzangu, ningezaliwa huku ningekuwa nimeshaizunguka nchi yote."

Hakunilaumu. Aliliamini lile sharti letu kwa moyo wake wote, kwamba ni maji yaliyomshika, na mimi sikupata ujasiri wa kumwambia kwamba tangu maji yalipomwachia ni mimi niliyemshika, kwa kutomuuliza. Nikaichomoa fimbo, nikaipangusa, nikampa.

Wenzangu waliendelea na mzunguko. Picha zao za Kigoma ninazo kwenye simu. Mimi na bibi tulirudi kwa mabasi, vipande vifupi vifupi, tukilala njiani. Jirani alitupokea kibarazani. "Nilikwambia tangu nikiwa na meno yote," akasema, na bibi akamjibu kwamba siku hizi anamwamini nusu, kwa sababu maji aliyaonja na hayana ladha.

Ua wa bibi sasa umesakafiwa, huwezi kuchora kitu. Pipa la makombe halipo. Pweza, akipatikana, hutoka sokoni, na jiwe la kumpigia limewekwa kuzuia geti. Katika nyumba ile hakuna tena anayetazama juu kujua wiki hii ni ya kazi au ya safari. Ndiyo maana nakuomba, wewe unayekunja ramani yako, kabla hujagawa viti nenda kwanza nyumbani ukaulize nani alikuwa anasubiri. Uliza kwa mdomo. Usimjibie.

Alasiri niliyoondoka kurudi Morogoro, bibi alikuwa amelala, miguu juu ya mto. Nikakichomoa kile chuma, nikatoka uani na begi langu. Mwezi ulikuwa umeshatoka, mweupe, jua likiwa bado juu, na ulikuwa nusu. Maji mafu. Nikasimama pale kwenye saruji, wiki yetu ya kusafiri imefika, na begi lilikuwa moja.