Waya Mweusi wa Papa Mushagalusa

Najua wengine wenu mmekwisha kusikia habari hii kutoka kwa watu wa avenue yetu pale Bagira, na najua wameongeza chumvi, kwa hiyo afadhali niisimulie mwenyewe, maana aibu ukiisimulia mwenyewe angalau unachagua pa kuanzia.

Ilianza na gari la umeme. Kaka yangu Justin alilinunua Kigali, la mkono wa pili, dogo, la kimya (kuku wa jirani walishindwa kabisa kulizoea), akaniachia mimi kazi ya kulichaji nyumbani kwa sababu nilisoma fizikia chuo kikuu, na kwetu ukisoma fizikia kila kitu chenye waya ni chako. Yeye alikuwa na mambo makubwa zaidi. Jumamosi tulipaswa kwenda Katana kwa wazazi wa mchumba wake, Aline, kupeleka dot, yaani mahari, na Justin alikuwa ameapa mbele ya marafiki zake wote kwamba atafika huko kwa gari lake, si la kuazima. Kwenda na kurudi, kwa barabara ile, kunataka betri iliyojaa.

Sasa gari halikujaa. Jumatatu lilichajiwa toka asubuhi hadi jioni, likapanda kutoka asilimia kumi na tano hadi ishirini na nane, halafu Justin akazunguka nalo mjini kualika watu akazimaliza zote. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano hivyo hivyo, na Justin akaanza kuniangalia kama mtu anayetilia shaka diploma yangu.

Mimi nina ugonjwa wa kuuliza (mwalimu wa katekisimu alikwisha kunitoa nje mara mbili kwa ugonjwa huo), basi nikashuku kila kitu. Nikashuku betri, nikamshuku muuzaji wa Kigali, nikabadilisha rallonge (waya wa kurefushia umeme), nikafungua prizi zote za ukutani. Kisanduku cha kuchajia kilikuwa na kibonye kimoja na taa nne, moja tu ndiyo inawaka, lakini maelezo yake yalikuwa kwa Kichina, nikaamini ndivyo kilivyoumbwa. Nikashinda na multimètre mkononi nikipima volti, nikagundua kwamba kila siku saa nne hivi umeme wa nyumba unashuka. Kila siku, saa ile ile. Nikajiambia huo si umeme mbovu, huyo ni mtu.

Na mtu nilimjua. Kutoka ukutani kwetu, nyuma ya kompteri, ile mita ya umeme, ulitoka waya mweusi mkuukuu, ukapita juu ya ua na kuingia kwenye parcelle, yaani kiwanja, cha jirani yetu Papa Mushagalusa, ambaye mwezi huo huo alikuwa ameleta friji kubwa ya kuuzia samaki. Hesabu ilikuwa rahisi mno. Justin nilipomwambia alishika kichwa, akaniomba ninyamaze hadi Jumapili, kwa sababu Papa Mushagalusa ni baba mdogo wa Aline, na kule Katana yeye ndiye angekuwa msemaji wa familia yao. Nikamjibu kwamba ukweli hauna baba mdogo. (Nilijipenda sana niliposema hivyo.)

Alhamisi saa kumi na moja jioni ilikuwa zamu yetu kupokea shirika, wale Wakristo wa avenue wanaosali pamoja kila juma. Watu kama thelathini kwenye parcelle yetu, Papa Mushagalusa mstari wa mbele na rozari yake. Wakati wa matangazo nikasimama. Ningeweza kutangaza kwamba tumepoteza ndoo. Badala yake nikaeleza habari za volti, za saa nne, za friji, sikutaja jina la mtu ila nilimtazama yeye tu, halafu nikasema sayansi haitaki maneno, inataka jaribio. Nikavaa kandambili za plastiki, nikachukua koleo lenye mpira, nikaomba akina mama warudi nyuma na watoto wao. Mama yangu aliniita kwa jina langu lote. Sikusikia. Nikapanda kiti, nikaukata ule waya.

Hakuna cheche. Hakuna chochote. Upande wa pili wa ua kukatoka kishindo kizito cha vitu vilivyolowa, kisha sauti ya mke wa Papa Mushagalusa akiuliza ni nani anaangusha manguo yake. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, na mnajua udongo wa Bagira. Ulikuwa waya uliokufa miaka mingi, umefungwa tu kwenye chuma nyuma ya kompteri yetu, na kwa Papa Mushagalusa wanauanikia nguo. Na siku hiyo zilianikwa pagne (vitenge) kumi na mbili za sare, za akina mama wa ukoo wao, za Jumamosi.

Papa Mushagalusa hakusimama. Aliuliza taratibu, akielekeza kidole kwenye sauti ya mkewe:

"Sasa mwizi ni bibi yangu ao ni manguo?"

Mama yangu akasogea mbele, mikono kiunoni.

"Courant njo miye. Kila siku kama naweka maharagi kwa réchaud, disjoncteur inaruka juu ya ile gari. Nikafinya-finya kale kabouton mpaka taa ikabakia moja, maharagi ikaiva. Haukuniuliza."

Kumbe taa zile nne ni ngazi za nguvu ya kuchaji, na disjoncteur, ile swichi kuu ya nyumba, ilijikata kila réchaud yake, lile jiko la umeme, ilipowaka pamoja na gari.

Shirika lilicheka hadi sala ya mwisho ikashindikana. Justin hakucheka. Alienda kukaa ndani ya gari lake peke yake, akafunga vioo.

Ijumaa wazee wa ukoo wa Aline walituma neno: dot itapokelewa, ila aletwe kwanza mbuzi wa kusafisha matusi, na aliyetukana ndiye amlete, kwa mkono wake. Mama akapikia makala, yaani mkaa, siku hiyo, taa zote nne zikawaka, na kufikia jioni betri ilikuwa karibu kujaa. Basi Jumamosi Justin aliingia Katana kwa gari lake mwenyewe kama alivyoapa, na mimi kiti cha nyuma, nimemkumbatia mbuzi aliyekuwa amekwisha kujisaidia kwenye suti yangu.

Mbele ya familia mbili, Papa Mushagalusa akanisimamisha.

"Monsieur wa fizikia. Ile waya ilikuwa na courant?"

"Hapana, Papa."

"Ulipima?"

Nilikuwa nimepima prizi kumi na moja, balbu, rallonge mbili na réchaud yenyewe.

"Sikupima, Papa."

Papa Mushagalusa akamshika mbuzi kamba.

"Kama anakubali hakupima, atapona. Sasa mulete ile dot."

Wakacheka, ng'ombe wakatajwa, Aline akatolewa nje, akaenda kukaa kando ya Justin bila kunitazama hata kidogo.

Sijaacha kuuliza, msinielewe vibaya. Ila nimeapa sitasimama tena mbele ya watu na koleo. Siku hizi kitu kikikataa nyumbani, kabla sijagusa multimètre naenda jikoni, nakaa kwenye kigoda, namuuliza mama amefinya nini. Na kila mara anafikiri kwanza.