Maji Matamu Ndani ya Mashua ya Mgiriki

Tulipoitwa Mufindi tulikuwa na miezi mitatu ya ndoa. Mume wangu alikuwa seremala pale Iringa mjini, na karakana yake ilikuwa nyuma ya msikiti. Alitengeneza vitanda, makabati, na jeneza ikibidi. Babu yake alitoka Kilwa na msafara wa chumvi, akaoa, asirudi. Baba yake alizaliwa Iringa, yeye naye akazaliwa Iringa, na bahari alikuwa hajaitia machoni. Lakini kila Ijumaa watu walimwona na kanzu yake na kofia iliyoshonwa kwa mkono, wakasema huyu ni mtu wa pwani, na mtu wa pwani anajua vyombo vya majini kama Mbena anavyojua pombe ya ulanzi.

Ndivyo sifa zake zilivyomfikia Mgiriki mmoja aliyekuwa na shamba la pareto ng'ambo ya Igowole. Alikuja na lori lake mpaka mlangoni mwa karakana, mzee mnene mwenye masharubu meupe yaliyonyooka pembeni, akauliza kama hapa ndipo kwa fundi wa pwani anayejua mashua. Mume wangu alinitazama mimi, nikiwa nimeshika kikapu cha chakula chake, kisha akamtazama Mgiriki.

"Kidogo," alisema.

Mgiriki alifurahi, akampa mkono, akasema angetufuata kesho yake. Lori lilipoondoka nilimuuliza mume wangu hicho kidogo ni kiasi gani. Alifikiri.

"Najua ni ya mbao," alisema.

Nilicheka hadi nikakaa chini kwenye maranda. Siku hizo nilikuwa na miaka kumi na tisa na kila kitu kilinichekesha. Mama yangu alikuwa ameniusia nisicheke mbele ya wakwe, maana nikianza sikujua kunyamaza. Mume wangu alijaribu kukasirika, akashindwa, naye akacheka. Basi tukafunga mizigo.

Tulipita Mafinga tukiwa juu ya magunia, tumejifunika blanketi moja, na baridi ya mwezi wa sita ikitupiga masikioni. Shambani tulipewa chumba kando ya ghala la kukaushia pareto. Asubuhi Mgiriki alitupeleka bwawani, bwawa kubwa alilolichimba kwa ajili ya shamba, na hapo ndipo nilipoiona mashua.

Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Nyeupe na bluu, urefu wake kama vitanda vinne vilivyounganishwa, na mlingoti mrefu wa mbao uliopakwa vanishi ukang'aa kama asali. Ilikuwa na chumba kidogo cha kulala, na chini ya kitanda kimoja kulikuwa na tangi la bati la maji ya kunywa. Mgiriki alikuwa ameijenga miaka miwili, jioni kwa jioni, kwa mikono yake. Alizaliwa kisiwani, akatueleza, na alikuwa amechoka kuangalia vilima. Nia yake ilikuwa kuipakia kwenye lori, kupita Mbeya, kushuka nayo hadi Ziwa Nyasa, akakae juu ya maji mwezi mzima. Lakini hakuweza kuipeleka popote, kwa sababu ilikuwa inavuja na yeye hakujua inavuja wapi.

Akainua ubao wa sakafu. Chini kabisa, kwenye tumbo la mashua, mahali ambapo mabaharia hupaita ngama, kulikuwa na maji. Si mengi. Siku nyingine bakuli moja, siku nyingine nusu ndoo. Aliyachota, akakausha kwa kitambaa, na kesho yake yalikuwapo tena.

Mgiriki alipiga magoti, akachovya kidole, akakinyonya. Kwao, alisema, kazi hii ni rahisi. Unaonja. Maji yakiwa ya chumvi, bahari inaingia, tafuta tundu. Yakiwa matamu, ni tangi lako au ni mvua. Lakini hapa alikuwa ameonja ya ngama, akaonja ya tangi, akaonja ya bwawa, na yote ni mamoja.

"Maji yote tamu," alisema, kwa uchungu kama mtu aliyedhulumiwa. "Nchi gani hii, maji yote tamu?"

Mume wangu naye akapiga magoti akaonja, maana alidhani ndiyo desturi ya kazi. Akaniambia nami nionje. Tulikuwa hivyo, watu watatu tumeinama tukiramba vidole, mpishi wa Mgiriki alipofika ukingoni na sinia la chai. Alikuwa Mbena, Mlutheri mtulivu sana. Aliangalia, akaweka sinia juu ya jiwe, akaondoka.

Mvua tuliiondolea kosa kwanza. Mgiriki alikuwa amekwisha kuifunika mashua yote kwa turubai, limefungwa hadi kwenye shina la mlingoti, na chini yake kila kitu kilikuwa kikavu isipokuwa ngama. Basi likabaki tangi au bwawa.

Njia ya kulijaribu tangi niliipata mimi. Nilikuwa nimekuja na ukindu wangu wa kusukia mkeka, na rangi nyekundu ya unga ya kuutia. Nikamwambia mume wangu, tutie rangi ndani ya tangi. Maji ya ngama yakiwa mekundu, mwizi ni tangi. Yakiwa meupe, tangi halina kosa. Mume wangu alinisifu mbele ya Mgiriki hadi nikaona haya. Tulimimina pakiti nzima, tukakoroga kwa kasia, na Mgiriki akaonywa asiyaguse maji yale.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mgiriki alikuwa na mazoea ya kunyoa ndani ya mashua, kwenye kioo kidogo alichokitundika humo, akijifanya yuko safarini. Kwa hiyo alisahau onyo letu, akanyoa kwa maji ya tangi. Akanawa uso, akachana masharubu yake kwa maji, akavaa shati jeupe, akatoka kwenda kwa majirani zake walima chai kula chakula cha mchana. Ndani mle mlikuwa na giza la turubai, hakuona kitu. Mpishi alimwona akipita. Baadaye nilimuuliza mpishi kwa nini hakumwambia. Alisema hakuona kama ni kazi yake kumwambia bwana kuhusu uso wake mwenyewe.

Alirudi saa tisa, masharubu ya waridi, mashavu ya waridi, kola nyekundu. Nilikuwa naanua nguo. Nilijua nisicheke, nikajiziba mdomo kwa shuka iliyolowa, nikaanza kutetemeka. Mgiriki alisimama mbele yangu.

"Wote nacheka," aliniambia. "Mama mkubwa moja naanguka toka kiti." Kisha na yeye tumbo lake likaanza kutikisika, akalazimika kushika kamba ya nguo. Masharubu yalikaa na rangi ile wiki tatu.

Ngama tuliifungua. Maji yalikuwamo, meupe safi. Tangi halikuwa na kosa.

Ikabaki bwawa. Waliitwa vibarua ishirini, mlingoti ukang'olewa na kulazwa nyasini, mashua ikavutwa kwa magogo hadi kwenye banda. Hapo mume wangu alifanya kazi kweli. Alipitia kila ufa kati ya mbao, akatoa pamba ya zamani, akashindilia mpya kwa patasi na nyundo, akapaka mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na chokaa. Kazi hiyo alielekezwa na Mgiriki huku akiitikia kwa kichwa kama mtu anayekumbushwa tu. Kisha tukaijaza maji kwa ndani, tuone yatatokea wapi. Tuliizunguka siku nzima tukipapasa tumbo lake. Halikutoka tone.

Ikarudishwa bwawani, mlingoti ukasimikwa, turubai likafungwa. Siku hiyo jua lilikuwa kali, na siku ya pili pia. Ngama ikawa kavu, siku zote mbili. Mgiriki alichinja mbuzi, vibarua wakala, mimi nikacheza na wake zao ngoma ambayo sikuijua. Asubuhi ya tatu tuliamka kwenye ukungu wa Mufindi, ule unaolowesha nyusi. Mume wangu alikwenda bwawani akiimba. Nilipomfuata nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa mashua, na ubao wa sakafu magotini. Nusu ndoo.

Mgiriki alikuja, akaonja kwa mazoea. Mume wangu alisimama.

"Bwana," alisema, "mimi bahari sijaiona. Hata siku moja."

Mgiriki alipangusa kidole kwenye suruali. "Mimi najua," alisema. "Toka siku ya kwanza. Wewe nashika kasia kama mwiko ya ugali."

Mume wangu alimuuliza, basi kwa nini alimwacha akaendelea na kazi. Mgiriki alisema seremala ni mzuri, mbao hazidanganyi, na tena tangu tufike nyumba yake ilikuwa na watu wanaocheka. Mume wangu alitazama pembeni. Nami, kwa mara ya kwanza mwezi ule, sikuwa na kicheko.

Waliondoka wote wawili kwenda kunywa kahawa. Mimi nilibaki nikijifuta machozi, na nikiwa nimekaa mle nikawaza nguo zangu. Nilikuwa nimefua juzi zikakauka mara moja, na kabla ya hapo zilikaa kambani siku nne mbichi. Nikahesabu nyuma. Siku nguo zinapokauka, ngama huwa kavu. Siku za ukungu na manyunyu, ngama ina maji. Lakini bwawa halijali ukungu. Na turubai lilikuwa limefungwa.

Nilikuwa nimeegemea mlingoti, pale unapopita chumbani kwenda chini. Kulikuwa kimya. Ndipo nikasikia kitu sikioni, ndani ya mti, kama mtu anayemeza maji kidogo kidogo. Nikatoa sikio, kimya. Nikalirudisha. Kluk. Kluk. Mti mzima, usio na tundu, unakunywa.

Nilitoka mbio bila viatu. Niliwakuta barazani, na kwa kuwa nilikuwa nimeanza kucheka tena sikuweza kusema. Nilimvuta mume wangu mkono, naye Mgiriki akafuata na kikombe chake. Wote wawili niliwabandika masikio yao kwenye mlingoti, mmoja huku, mmoja huku. Walibaki wakitazamana, pua karibu kugusana.

"Mti huu una nini ndani?" mume wangu aliuliza.

"Hakuna kitu," alisema Mgiriki. "Wazi."

"Wazi vipi?"

"Wazi. Mimi naunga mbao nne, kama bomba. Sababu nyepesi." Alisema kama mtu aliyeulizwa leo ni siku gani. Kisha akasimama wima, akatazama juu, juu kabisa, ambako kamba ya tanga ilipita kwenye kapi, kile kigurudumu cha kuvutia kamba, na kapi lilikuwa limekaa ndani ya tundu lililochongwa katikati ya mti. Akaweka kikombe chini polepole.

Sisi tuliudhania gogo zima. Hakuna aliyemuuliza, naye hakudhani ni jambo la kusemwa. Ukungu ulinata kwenye kamba na kwenye kichwa cha mlingoti, ukakusanyika, ukaingia tunduni na kushuka ndani ya mti hadi ngama. Na tulipoipeleka mashua bandani tulikuwa tumeung'oa mlingoti wenyewe na kuulaza nyasini, mwizi akapumzika huku sisi tukimtafuta.

Mume wangu alipandishwa juu kwa kamba, akiwa amekaa kwenye kipande cha ubao, macho amefumba. Alichonga kizibo cha mbao, akakiweka chini ya kapi, akakizungushia nta ya nyuki na kutoboa kijitundu ubavuni maji yatokee nje. Ukungu ulikaa siku tano mfululizo. Ngama ilibaki na vumbi.

Mwezi uliofuata mashua ilipakiwa kwenye lori ikaenda zake Mbeya na kushuka ziwani, na tulipata barua kwamba ilifika salama. Lakini kabla ya hapo Mgiriki alisema ni lazima sisi tuwe abiria wa kwanza. Nilikataa, nikabembelezwa, nikapanda. Mpishi naye alikubali, akabeba birika.

Upepo ulikuja kutoka upande wa misitu, tanga likajaa kwa mshindo, na mashua ikainama hadi nikaona bwawa limekuja kwangu. Nilipiga kelele. Kisha nikaona hatufi, nikataka iiname tena. Mgiriki alimpa mume wangu usukani, akamwonyesha kwa kidole tu, hivi, hivi, na mume wangu akashika kwa mikono miwili, kofia yake imeruka majini, mdomo wazi.

Katikati ya bwawa upepo ulikufa. Tuligundua jambo moja: makasia tulikuwa tumeyaacha ukingoni. Tulingoja. Mpishi akamimina chai, tukanywa. Mwisho tukang'oa mbao za sakafu tukapiga nazo maji, mume wangu na mimi upande huu, Mgiriki upande ule, na kwa kuwa Mgiriki alikuwa na nguvu kutushinda tulizunguka tu palepale kama kuku aliyekatwa kichwa. Mpishi, ambaye sikuwahi kumwona hata akitabasamu, aliinamia birika, mabega yakicheza, na machozi yakamtoka.

Tuligusa nchi kavu jioni, upande usio wetu kabisa. Ilibidi turudi kwa miguu kuzunguka bwawa, tukipita katikati ya pareto iliyolowa, viatu mkononi, Mgiriki mbele akiimba kwa lugha yake. Mume wangu alinishika mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo mjini asingelifanya, wala hakuuachia tulipofika kwenye taa za nyumba.